Kubadilisha injini ya pikapu: je, ni lazima uso wote wa gari uvuliwe?

Swali: "Nina Hilux ya milango minne ya mwaka 1996, ya kuendesha magurudumu manne, yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L (ni jina la injini, si lita) ambayo inakula oili na kutoa moshi hata baada ya kufunguliwa mara mbili. Nimenunua injini ya 5L iliyotumika, pale Gerezani, na fundi wangu wa Tabata yuko tayari kuifunga. Anasema ni lazima avue uso wote wa gari: boneti, bampa, grili, taa na fenda zote mbili, kisha akate kwa grenda upau wa mbele unaoshika rejeta na kuuchomelea tena akimaliza. Fundi wa pili ameniambia kuvua boneti peke yake kunatosha. Bodi haijawahi kuguswa na rangi ni ya kiwandani. Nimeambiwa pia kwamba fenda zikivuliwa chesisi hulegea na gari halikai sawa tena. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba hofu mbili zilizofungwa kitita kimoja, na ni vizuri tuzitenganishe mapema. Ya kwanza ni hofu ya sura: kwamba gari ambalo halijawahi kuguswa litarudi na mapengo yasiyolingana, boneti imekaa upande na rangi imekwanguka kingoni. Ya pili ni hofu ya uimara, kwamba kuvua bati za mbele kutaidhoofisha chesisi. Hofu ya kwanza ina msingi, hasa kazi ikifanywa kwa haraka. Ya pili haina. Kuhusu mafundi wako, kila mmoja amesema nusu ya ukweli. Wa kwanza anataka kuvua vitu vingi kuliko inavyohitajika, na kati ya hivyo kipo kimoja ambacho usimruhusu kabisa kukigusa kwa grenda. Wa pili anasahau kwamba injini ikishanyanyuliwa ni lazima ipite mahali, na mahali hapo panatakiwa kupimwa kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa.

Tuimalize habari ya chesisi kwanza. Hilux yako ni gari ambalo bodi yake imekalishwa juu ya chesisi. Injini, giaboksi, springi na magurudumu vyote vimeshikwa na reli mbili ndefu za chuma, na bodi imewekwa juu yake kwa kutenganishwa na mipira. Fenda ya nje ni bati jembamba lisilofika hata milimita moja, na kazi yake ni kuzuia matope na kulipa gari sura. Ukiivua, chesisi haina habari. Wanaosema kwamba hulegea huenda wanachanganya na magari madogo ya saluni yasiyo na chesisi, ambako bati za ndani za mbele ndizo zinazobeba springi na injini. Lakini hata huko fenda ya nje hufungwa kwa boliti na huvuliwa kila siku bila madhara. Hatari huanza pale mtu anapokata bati za ndani.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali, ambacho kwa maoni yangu si fenda hata kidogo. Kinachoamua kitu gani kivuliwe ni chombo cha kuinulia ambacho fundi wako anacho. Muulize hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu jibu lake litakueleza kwa nini anataka kukata na kwa nini mwenzake hataki.

Gereji nyingi za hapa Dar es Salaam zinainua injini kwa winchi ya mnyororo iliyotundikwa kwenye miguu mitatu ya mabomba, au kwenye boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Chombo hiki kina tabia moja: kinapandisha na kushusha kwa mstari ulionyooka, hakisogezi kitu mbele wala nyuma. Injini ikishakuwa hewani, gari ndilo linalosukumwa kurudi nyuma ili liiache injini ikining'inia. Hapo ndipo ule upau wa mbele unapogeuka kikwazo. Sehemu ya chini kabisa ya injini, yaani sampu, ni lazima ipite juu ya upau na juu ya loki ya boneti. Kama mnyororo umetundikwa chini mno, injini itafika mwisho wa kuinuliwa huku sampu ikiwa bado iko ndani ya uso wa gari. Fundi aliye katika hali hiyo ana njia mbili, kuongeza urefu wa mabomba au kupunguza urefu wa gari. Wengi huchagua ya pili kwa sababu grenda iko karibu.

Ikiwa anatumia krini ndogo ya magurudumu, ile yenye jeki ya haidroliki na mkono unaorefushwa, hesabu inabadilika. Miguu ya krini huingia chini ya gari na mkono hupita juu ya bampa na grili kufikia injini, kwa hiyo kila sentimita ya bampa ni sentimita ambayo mkono unapaswa kurefushwa. Tazama mkono wa krini hiyo: una matundu kadhaa, na kila tundu limeandikwa uzito wake. Krini inayoitwa ya tani 2 inabeba tani 2 mkono ukiwa mfupi kabisa. Ukirefushwa hadi tundu la mwisho, nyingi hubaki na uwezo wa nusu tani tu. Injini ya dizeli ya silinda nne yenye bloku ya chuma inazidi kilo 200, na ukiitoa pamoja na giaboksi na transfa, boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, unaongeza mzigo mkubwa ambao, kwa bahati mbaya, uko upande wa nyuma na unalazimisha mkono uende mbali zaidi. Ndiyo maana kuvua bampa na grili, kazi isiyochukua hata saa moja, ni jambo la busara: krini inasogea karibu na mkono unabaki mfupi.

Kwa gari lako ningeshauri injini itengwe na giaboksi, giaboksi ibaki chini ikiwa imeegemezwa kwa jeki yenye ubao juu yake, na injini itoke peke yake. Kazi ya chini ya gari itaongezeka kidogo, kwa maana boliti za juu za ganda la klachi zina tabia ya kukufanya ujute kuzaliwa na mikono mifupi, lakini injini inatoka ikiwa imelala karibu sawa badala ya kuinamishwa mkia chini, na urefu unaohitajika kuinuliwa unapungua sana.

Ukishaamua hivyo, orodha ya vitu vya kuvua inakuwa fupi. Boneti itoke, bila mjadala. Maji yamwagwe kwenye ndoo, kisha rejeta itoke pamoja na feni na kava lake. Hii haihusu nafasi peke yake, kwani sega la rejeta ni laini na injini ikiyumba mara moja tu utanunua rejeta nyingine. Grili itoke, na bampa litoke kama unatumia krini. Taa zinaweza kubaki, ingawa mimi huzitoa kwa sababu kioo cha taa ya zamani kikipasuka kukipata kingine kinachofanana ni safari ya siku nzima Kariakoo. Fenda zibaki mahali pake, zifunikwe kwa blanketi nzito lisilo na zipu wala vifungo.

Nirudi kwenye upau. Kabla hujamruhusu mtu kuugusa, chukua tochi uangalie unavyoungana na bati za pembeni. Ukiona vichwa vya boliti kila upande, umefungwa, na unaweza kufunguliwa na kurudishwa pasipo madhara. Baadhi ya pikapu na magari ya shamba yametengenezwa hivyo, na uso wote wa mbele hutoka kama kofia. Lakini ukiona bati mbili zimelaliana na juu yake kuna vidoti vya mviringo vilivyobonyea kidogo, vyenye ukubwa wa kifungo cha shati, vimepangwa kwa mstari kila baada ya sentimita chache, ujue upau huo umechomelewa kiwandani kwa nukta. Kwenye pikapu za Kijapani za umri wa gari lako, hiyo ndiyo hali ninayoikuta mara nyingi.

Upau uliochomelewa kwa nukta haukuwekwa pale kwa ajili ya rejeta tu. Ndio unaozishika bati mbili za ndani zisikaribiane wala kuachana, ndio unaobeba taa, na ndio unaobeba loki ya boneti. Ukiukata, pande mbili zinakuwa huru. Kupishana kwa milimita 3 au 4 hakuonekani kwa macho siku ya kuchomelea, lakini kunaonekana boneti inapokataa kufunga. Zaidi ya hapo, moto wa kuchomelea unaunguza rangi na kinga ya kutu upande wa ndani, mahali ambapo mkono wenye brashi haufiki. Kwa hewa yetu yenye chumvi ya bahari, kutu itaanza kuchungulia kwenye kovu hilo mapema sana. Niliwahi kuletewa pikapu iliyokatwa hivyo na kuunganishwa kwa mchomeleo mzuri wa kupendeza, ila loki ilikuwa imekaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Boneti ilikuwa inafunga kwa kupigwa kofi. Ilifunguka yenyewe gari likiwa mwendo kasi, karibu na Mlandizi, ikavunja kioo cha mbele na kukunja bati la paa. Dereva alinusurika kwa kuchungulia pembeni hadi akasimama.

Kwa hiyo, kama mnyororo haufiki juu, mwambie fundi aongeze urefu wa miguu mitatu au akodi krini kwa siku moja. Gharama ya kukodi, hata ikikuuma, ni ndogo kuliko kazi ya fundi wa kunyoosha bodi na wa kupaka rangi.

Je, kuna wakati fenda zinastahili kuvuliwa? Upo, na nisingependa uondoke ukidhani kila anayevua fenda ni mharibifu. Ungekuwa unafunga injini ya ukoo mwingine, tuseme 1KZ-TE yenye tabo na udhibiti wa kielektroniki, ambayo inahitaji maunti mpya za kukalishia injini, njia mpya ya bomba la moshi na nyaya nyingi kupitishwa pembeni, kuwa na fenda nje kungempa fundi nafasi ya kusimama karibu na kuona anachokifanya. Kungekuwa pia na sababu kama bati za ndani zimeliwa na kutu na unataka kuzitibu injini ikiwa nje. Lakini 3L na 5L ni ndugu wa baba mmoja: ya kwanza ina ujazo wa sentimita za ujazo 2779 na ya pili 2986, na zinapokelewa na ganda lilelile la giaboksi. Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni 5L yako imetoka kwenye gari gani. Nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye Hiace, ambako injini imelala chini ya viti, na sampu yake, bomba la kunyonyea oili na vishikio vya maunti havikuundwa kwa ajili ya Hilux yenye difu ya mbele. Hapo fundi huhamisha vitu hivyo kutoka kwenye 3L yako kabla injini haijaingia. Asipofanya hivyo, sampu itakutana na difu injini ikiwa hewani, naye atakuambia tatizo ni uso wa gari.

Ikiwa baada ya yote hayo mtakubaliana kuvua fenda, basi zivuliwe kwa adabu. Boliti zake hukaa kwenye ukingo wa juu chini ya boneti, sehemu ya mbele karibu na taa, kwenye nguzo ya bawaba za mlango ambako huzifikii mpaka ufungue mlango, na chini kabisa nyuma ya gurudumu. Hizo za nyuma ya gurudumu ndizo adui. Matope ya miaka yote yamejikusanya hapo, na kichwa kinachopokea spana namba 10 kinamaanisha boliti yenye unene wa milimita 6 tu, ambayo kijana mwenye nguvu anaikata bila hata kuhisi. Zipigwe brashi ya waya na zimwagiwe mafuta ya kulegezea kutu siku moja kabla. Siku ya kazi zikazwe kidogo sana kwanza, kiasi cha kuvunja kutu, ndipo zilegezwe kwa kwenda na kurudi. Boliti ikianza kuzunguka bila kutoka, maana yake nati iliyochomelewa ndani imeachia. Asimame hapo, asiendelee kulazimisha mpaka bati lichanike.

Matundu ya boliti hizi yametobolewa makubwa kuliko boliti zenyewe, na fundi asipoweka alama hapo ndipo sura ya gari inapopotea. Kiwandani fenda ilisogezwa ndani ya nafasi hiyo hadi mapengo yakalingana, ndipo ikakazwa, na pengine ikawekewa washa nyembamba chini yake. Ukiifungua bila alama, umefuta kipimo kile. Mimi huzungushia kila kichwa cha boliti mstari kwa msumari mwembamba, na kwenye bawaba za boneti hutoboa tundu la milimita 3 linalopita bawaba na bati kwa pamoja. Siku ya kurudisha, biti ileile ya drili inachomekwa kwenye tundu kama pini na boneti inakaa palepale ilipokuwa, kisha tundu linapakwa rangi. Washa zilizopatikana chini ya boliti fulani zirudi chini ya boliti hiyohiyo. Kingo za milango zibandikwe tepu ya karatasi ya wapaka rangi kabla fenda haijatikiswa, kwa kuwa rangi hukwanguka wakati wa kuitoa na wakati wa kuirudisha. Boneti ibebwe na watu wawili, kila mmoja upande wake, wala isiegemezwe ukutani kwa kona yake.

Wakati wa kurudisha, mpangilio unaanzia nyuma kwenda mbele. Mlango haujaguswa, kwa hiyo ndio kipimo: fenda inalinganishwa na mlango, boneti inalinganishwa na fenda, loki inafuata boneti. Yote hayo yafanywe injini ikiwa imeshafungwa na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini, si juu ya jeki. Fundi anayeanza kwa kukaza loki na kuilazimisha boneti iifuate ataishia kuipiga kofi.

Kuna kosa moja dogo lisilohusu bati lakini huzaliwa siku ya kuvua bati, nalo ni waya wa ethi. Kati ya injini, bodi na chesisi kuna nyaya nene za kurudishia umeme kwenye betri, na baadhi ya ethi za taa hufungwa kwenye bati za mbele. Zikisahauliwa au zikifungwa juu ya rangi na kutu, umeme mkubwa wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara nyingine hupitia kebo ya mafuta. Utaona stata inazunguka kivivu, taa zinafifia, na ukigusa kebo utaikuta ina joto. Watu wengi hununua betri mpya kwa ajili ya ugonjwa huu. Mwombe fundi apige picha za kila ethi kwa simu kabla ya kufungua, akwangue bati hadi ling'ae, afunge, kisha apake grisi. Na waya hasi wa betri utoke kabla ya kazi yoyote kuanza.

Kama gari lina AC, mabomba yake yasifunguliwe na fundi wa injini. Kompresa inaweza kufunguliwa boliti zake na kufungwa pembeni kwa kamba mabomba yakiwa yameunganishwa. Gesi ile ikitoka ghafla inaunguza ngozi na macho kwa ubaridi. Na kabla injini ya zamani haijauzwa kwa chuma chakavu, kumbuka kwamba kadi ya gari inayotolewa na TRA imeandikwa namba ya injini na ujazo wake. Weka stakabadhi ya muuzaji na upeleke taarifa ya mabadiliko, la sivyo siku ya kuuza gari au ya kudai bima utaulizwa injini hii umeitoa wapi.

Yapo mambo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi. Injini ikiwa nje, mwite fundi wa bodi aje aangalie kwa macho bati za ndani, sehemu betri inapokaa ambako tindikali humwagika, na reli za chesisi karibu na maunti na boksi la usukani. Akigonga kwa mpini wa bisibisi na sauti ikawa butu, au vumbi jekundu likamwagika, kazi isimame mpaka pakatibiwa. Ufa wowote kwenye chesisi usichomelewe na mtu aliyepo tu. Tafuta mchomeleaji anayefanya kazi za chesisi. Na ikiwa fundi wako hawezi kukueleza injini itapita wapi na itatundikwa kwenye nini, gari lisiingie kwake.

Jioni moja kabla ya kulipeleka, liegeshe mahali palipo sawa, likiutazama ukuta kwa umbali wa mita 5 hivi, upepo wa matairi ukiwa sahihi na nyuma pasiwe na mzigo. Washa taa, uchore kwa chaki mahali mwanga wa kila taa unapokatia, na uweke alama chini palipo na magurudumu. Gari likirudi, liegeshe palepale uwashe taa. Uso wa gari ukiwa umerudi upande, mwanga utakuwa umehama chaki, hata kama boneti inafunga na mapengo yanaonekana sawa kwa macho.